Koili za Uwashaji katika Gari Kongwe la Kasi: Mfano wa Nissan Skyline GT-R

Utangulizi

Injini ya petroli hupata nguvu zake kutokana na moto mdogo unaowashwa mahali pasipoonekana, maelfu ya mara kwa dakika, na kila mara kwa wakati wake maalumu. Hewa na petroli huingia ndani ya silinda, hugandamizwa na pistoni, kisha cheche ya umeme huruka katika mwanya mwembamba ulioko kwenye ncha ya plagi na kuuwasha mchanganyiko huo. Cheche hiyo huhitaji umeme wa volti elfu nyingi, pengine 20,000 au 30,000, ilhali betri ya gari hutoa volti 12 tu. Kifaa kinachoziba pengo hilo ndicho koili.

Makala haya yanafafanua jinsi koili inavyofanya kazi, sababu zinazoifanya ichoke, na mambo ambayo mwenye gari hana budi kuyapima kabla ya kuing'oa na kuweka nyingine iliyo bora. Mfano unaotumiwa ni wa Nissan Skyline GT-R ya kizazi kinachojulikana kama R32, gari ambalo sasa limepita umri wa miaka 30 na ambalo wamiliki wake wengi wamewahi kukabiliana na swali hili. Hoja inayoshikiliwa ni kwamba koili mpya haizalishi nguvu mpya. Kazi yake ni kurejesha nguvu ambayo injini ilikuwa ikiipoteza kwa kukosa cheche, au kuilinda cheche pale ambapo injini imeongezewa mzigo ambao waundaji wake hawakuukusudia. Asiyeitambua tofauti hiyo huweza kutumia fedha nyingi bila ya faida yoyote, na katika hali mbaya zaidi huweza kuiharibu injini akidhani anaiponya.

Kabla ya kuendelea, yafaa kutenganisha maana mbili za kitenzi washa. Mwenye gari akisema kwamba gari lake "haliwaki", aghalabu anamaanisha kwamba amezungusha ufunguo na injini haikunguruma. Fundi naye anaweza kusema kwamba silinda ya tatu "haiwaki" ilhali injini inanguruma, kwa maana kwamba mchanganyiko ulio ndani ya silinda hiyo haushiki moto. Ni maana hii ya pili inayolengwa hapa kwa neno uwashaji. Vivyo hivyo, watu wamezoea kusema kwamba petroli "hulipuka" ndani ya injini. Kwa hakika, katika injini yenye afya petroli haitakiwi kulipuka, hutakiwa kuungua. Mwali huanzia kwenye plagi na kuenea kwa mpangilio kuelekea kuta za silinda, mfano wa moto wa nyika unaosukumwa na upepo. Mlipuko halisi, ule ambao mafundi huusikia kama vyuma vinavyogongana, ni maradhi, na unaweza kuitoboa pistoni.

Gari lenyewe

Skyline GT-R ya R32 iliundwa kati ya mwaka wa 1989 na 1994, na zaidi ya magari 43,000 ya aina hiyo yalitengenezwa. Injini yake iliitwa RB26DETT, jina ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni kama nambari ya siri lakini linaweza kufasiriwa kwa urahisi. RB ni familia ya injini za Nissan zenye silinda sita zilizojipanga kwenye mstari mmoja. 26 ni ujazo wa lita 2.6, D ni kuwepo kwa kemshafti mbili juu ya silinda, E ni upulizaji wa petroli unaoongozwa kwa elektroniki, nazo TT ni turbo mbili. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, nayo huisukuma hewa iingie ndani ya silinda kwa wingi kuliko ambavyo ingeingia yenyewe. Katika mashindano ya magari ya saluni ya Kundi A nchini Japani, gari hili lilishinda mbio zote 29 za misimu ya 1990 hadi 1993, na nchini Australia likashinda mbio za Bathurst mwaka wa 1991 na 1992. Waandishi wa Australia ndio waliolipachika lakabu ya Godzilla.

Kwenye karatasi, Nissan ilitangaza nguvu farasi 280, kiwango ambacho watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutokipita katika matangazo yao. Kila aliyelifahamu gari hilo alijua kwamba injini ilikuwa na uwezo wa kubeba zaidi. Basi tangu mwanzo wamiliki walikuwa wakiiongezea shinikizo la hewa, na hapo ndipo habari za koili zinapoanza kuwa muhimu. Nchini Marekani, ambako sheria hulifungulia mlango gari la kigeni lililotimiza umri wa miaka 25, R32 za kwanza zilianza kuingia kwa uhuru mwaka wa 2014. Tangu hapo thamani ya magari haya imepanda sana, na gharama ya kosa la fundi imepanda pamoja nayo.

Nchini Kenya gari hili ni adimu, kwa kuwa kanuni za uagizaji huyazuia magari yaliyotumika yaliyozidi umri wa miaka 8. Hata hivyo, anayeendesha Subaru Impreza yenye turbo, jamaa ya gari lililompa Colin McRae ushindi wa Safari Rally mwaka wa 1997 na Richard Burns mwaka wa 2000, atayatambua maradhi mengi yatakayoelezwa hapa. Fizikia ya cheche haibagui beji.

Jinsi volti 12 zinavyogeuka kuwa maelfu

Msingi wa koili ni ugunduzi wa Michael Faraday wa mwaka wa 1831: uga wa sumaku ukibadilika karibu na waya, umeme huzalika katika waya huo. Ndani ya koili mna mizingo miwili ya waya wa shaba iliyozungushiwa kiini kimoja cha chuma. Mzingo wa kwanza ni wa waya mnene kiasi wenye mizunguko michache. Wa pili ni wa waya mwembamba kama unywele wenye mizunguko mingi mno, kwa kawaida takriban mara mia moja zaidi. Mkondo wa umeme wa betri unapopita katika mzingo wa kwanza, uga wa sumaku hujengeka polepole katika kiini. Kisha mkondo huo hukatwa ghafla. Uga uliojengeka huporomoka kwa kufumba na kufumbua, na mporomoko huo ndio unaozalisha maelfu ya volti katika mzingo wa pili. Cheche, kwa hivyo, haitokei wakati umeme unapowashwa bali wakati unapozimwa. Jambo hili huwatatiza wengi wanaolisikia kwa mara ya kwanza, na ni vyema kulikumbuka, kwa sababu mengi yatakayofuata hapa yanalitegemea.

Muda ambao mkondo huachwa upite kabla ya kukatwa utaitwa hapa muda wa kuchaji. Unaweza kufananishwa na muda wa kukinga mtungi kwenye mfereji. Mtungi ukiondolewa mapema, maji huwa haba. Ukiachwa kupita kiasi, maji humwagika bila ya faida. Katika koili "maji yanayomwagika" ni joto. Kiini cha chuma kikishafikia kikomo chake cha kubeba sumaku, mkondo unaoendelea kupita hauongezi cheche hata kidogo, bali huichoma koili na transista inayoiendesha. Aidha, nishati inayohifadhiwa hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo: mkondo ukiongezeka maradufu, nishati huongezeka mara nne. Kinyume chake ni kweli pia. Ikiwa volti za gari zimeshuka kutoka 14 hadi 12, labda kwa sababu alteneta imechoka, na muda wa kuchaji haukurekebishwa, nishati ya cheche hupungua kwa takriban robo nzima. Wapo watu walionunua koili sita mpya ilhali kilichohitaji kubadilishwa kilikuwa alteneta.

Katika magari ya zamani zaidi koili ilikuwa moja tu, nayo ilizihudumia silinda zote kupitia distributa, kifaa kinachozunguka na kuigawia kila plagi zamu yake. Mfumo huo ulienea baada ya Charles Kettering kuubuni nchini Marekani mwishoni mwa mwongo wa kwanza wa karne ya 20. Ulikuwa mfumo wa busara, ila ulikuwa na kikomo. Tuchukue injini ya silinda sita inayozunguka mara 8,000 kwa dakika, kasi ambayo RB26 huifikia bila ya taabu. Kila silinda huhitaji cheche moja kwa kila mizunguko miwili, yaani cheche 4,000 kwa dakika. Silinda sita kwa pamoja huhitaji cheche 24,000 kwa dakika, ambazo ni 400 kwa sekunde. Koili moja ingekuwa na milisekunde 2.5 tu za kuchaji, kupiga cheche na kujiandaa kwa zamu nyingine. Nissan iliipa RB26 koili sita, moja juu ya kila plagi. Kwa mpango huo kila koili hupata takriban milisekunde 15 baina ya cheche moja na nyingine, na muda wa kuchaji wa milisekunde 3 hivi hutosha bila ya haraka yoyote. Kwa mwaka wa 1989 huo ulikuwa mpango wa hali ya juu, na ndiyo sababu madai ya baadhi ya wauzaji kwamba koili za asili za R32 zilikuwa dhaifu tangu kiwandani hayana msingi. Zilikuwa nzuri. Tatizo lake ni umri.

Kwa nini hewa nyingi huhitaji volti nyingi

Cheche ikiruka katika hewa ya kawaida, mezani pa fundi, huonekana yenye nguvu. Hali ndani ya silinda ni nyingine. Volti zinazohitajika ili umeme uvuke mwanya wa plagi hutegemea upana wa mwanya huo na msongamano wa hewa iliyomo. Msongamano ukiongezeka, elektroni hugongana na molekuli za hewa kabla ya kupata mwendo wa kutosha, na volti kubwa zaidi huhitajika ili kulivunja zuio hilo. RB26 huugandamiza mchanganyiko kwa uwiano wa 8.5 kwa 1. Ikiwa turbo imeshaisukuma hewa hiyo kwa shinikizo lililo maradufu ya hewa ya nje, basi kinachogandamizwa ni hewa maradufu, na koili hutakiwa kutoa volti zaidi kwa kiasi kinachokaribiana na hicho.

Ndiyo maana koili iliyochoka haijidhihirishi gari linapotembea polepole mjini. Hujidhihirisha barabara inapofunguka, mguu unapokandamiza, turbo zinapovuma, na ghafla injini ikaanza kukatakata kana kwamba kuna mtu anayeizima na kuiwasha kwa mpigo. Mafundi wa Kenya husema gari "linamisi". Mguu ukiachiliwa, kila kitu hurudi kuwa shwari, na mwenye gari hubaki akijiuliza kama alisikia kweli.

Umeme, kama maji, hufuata njia iliyo rahisi. Koili ikiwa na uwezo wa kutosha lakini kihami chake kikawa na ufa, volti zinapopanda hazivuki mwanya wa plagi. Hupenya kwenye ufa na kuruka hadi kwenye chuma cha injini kilicho karibu. Gizani, fundi mvumilivu anaweza kuona mwanga hafifu wa buluu ukimetameta ubavuni mwa koili, na mara nyingine alama nyembamba nyeusi kama mstari wa penseli kwenye mpira unaoifunika plagi. Alama hiyo ni ushahidi tosha, wala haihitaji mashine ya kuisoma.

Namna koili za R32 zinavyochakaa

Katika RB26 koili hukaa bondeni, baina ya vifuniko viwili vya kemshafti, na juu yake kuna kifuniko cha mapambo. Mahali hapo ni kama tanuri. Joto la injini hupanda na halina pa kutokea, hasa gari linapozimwa baada ya mwendo mkali. Utomvu mgumu unaoishikilia mizingo ndani ya koili hutanuka na kusinyaa kila siku, na baada ya miaka 30 hupata nyufa zisizoonekana kwa macho. Mipira ya vifuniko vya kemshafti nayo hukauka na kuvujisha oili, ambayo hutiririka hadi kwenye visima vya plagi na kuulainisha mpira wa koili hadi ukatepeta. Viunganishi vya plastiki huwa vikavu kama biskuti. Vibanio vyake huvunjika mkononi mwa fundi wa kwanza anayevigusa, na tangu siku hiyo hushikiliwa kwa kamba za plastiki au kwa matumaini.

Kuna pia transista ya nguvu. Katika R32 koili yenyewe haina kifaa cha kuukata mkondo. Kazi hiyo hufanywa na kisanduku kimoja kilichofungwa nyuma ya injini, ambacho hupokea amri kutoka kwa kompyuta ya injini na kuikatia mkondo kila koili kwa zamu yake. Kisanduku hicho nacho huzeeka, na kikianza kushindwa kinapopata moto, dalili zake hufanana kabisa na za koili mbovu. Fundi anayebadilisha koili sita bila ya kukipima kisanduku hiki anacheza bahati nasibu kwa fedha za mwenzake.

Kipimo kinachohadaa

Hapa pana mtego unaostahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa ndio unaoziua injini. Wanaorekebisha injini zenye turbo huweka kihisio cha oksijeni kwenye bomba la moshi ili kujua kama mchanganyiko una petroli ya kutosha. Petroli ikiwa haba huku shinikizo la hewa likiwa juu, joto la silinda hupanda na mlipuko ule uliotajwa huweza kutokea. Basi kila fundi hukiogopa kipimo kinachosema kwamba petroli ni haba, na hufanya haki kukiogopa.

Silinda moja ikikosa cheche, hewa na petroli yake hutoka zikiwa mbichi. Kihisio hakiipimi petroli hiyo mbichi vilivyo. Kinachokitambua ni oksijeni ambayo haikutumika, na oksijeni hiyo ni nyingi. Basi huripoti kwamba petroli ni haba. Fundi anayekiamini kipimo bila ya kuisikiliza injini huongeza petroli. Mchanganyiko uliozidi petroli huwa mgumu zaidi kuwashwa, plagi huloa na kushika masizi, silinda hukosa cheche mara nyingi zaidi, oksijeni mbichi huongezeka, na kipimo husisitiza kwamba petroli bado ni haba. Fundi huongeza tena. Wakati huo petroli inayomwagika ndani ya silinda huosha oili kwenye kuta zake, na ile inayotoka mbichi huungulia ndani ya kichujio cha moshi hadi kikayeyuka. Mwenye gari huarifiwa kwamba pampu ya petroli ni dhaifu. Hununua pampu. Koili, iliyokuwa chanzo cha yote, hubaki pale bondeni ikiendelea kupasuka.

Njia ya kuukwepa mtego huu si ghali. Kipimo kikisema petroli ni haba na wakati huohuo injini ikawa inakatakata, uwashaji ndio unaopaswa kuchunguzwa kwanza.

Kabla ya kununua

Kinachogharimu kidogo ndicho kinachopaswa kutangulia. Plagi zing'olewe na zitazamwe moja moja, zikipangwa kwa utaratibu wa silinda zilikotoka. Plagi moja iliyo nyeusi na yenye unyevu miongoni mwa tano za rangi ya kahawia hafifu humwonyesha fundi silinda yenye matatizo. Koili ya silinda hiyo ibadilishane nafasi na ya jirani yake. Dalili zikihama pamoja na koili, mkosaji amepatikana, na zikibaki palepale, tatizo liko kwenye waya, transista, plagi au petroli. Volti zipimwe kwenye kiunganishi cha koili huku injini ikinguruma, si kwenye betri, kwa maana waya wa miaka 30 huweza kuimeza volti moja au zaidi njiani. Waya wa athi unaoiunganisha injini na bodi usafishwe.

Kupima ukinzani wa koili kwa mita ya umeme hufaa kugundua waya uliokatika, lakini hakuthibitishi kwamba koili ni nzima. Mita hupima kwa volti chache, koili ikiwa baridi. Ufa unaofunguka kwa joto chini ya volti 25,000 hauwezi kuonekana namna hiyo.

Kisha kuna mwanya wa plagi. Plagi za asili za RB26 huwa na mwanya wa milimita 1.1. Wenye kuongeza shinikizo la hewa hupunguza mwanya huo, wengi hadi milimita 0.8, ili volti zinazohitajika zishuke. Mara nyingi hatua hii ya dakika chache huondoa kabisa kukatakata kwa injini, nayo hugharimu jasho tu. Ina hasara yake ndogo: cheche fupi hugusa mchanganyiko mchache, na injini huweza kutetereka kidogo inapozunguka bila ya mzigo. Kwa gari ambalo shinikizo lake ni la kiwandani na koili zake ni nzima, hakuna sababu ya kuupunguza mwanya, na wala hakuna sababu ya kununua koili zenye nguvu zaidi. Mchanganyiko ukishawaka kikamilifu, cheche kubwa zaidi haiufanyi uwake zaidi. Kiberiti na mwenge huliwasha jiko la gesi sawasawa.

Koili za asili au koili za kigeni

Ikibainika kwamba koili zimechoka kweli, mmiliki ana njia mbili kuu. Ya kwanza ni kununua koili zenye umbo na tabia ya zile za asili, ama za Nissan yenyewe zinapopatikana ama za kampuni nyingine za Japani kama SplitFire. Hizi hukaa palepale, hutumia viunganishi vilevile, na kompyuta ya injini haihitaji kuambiwa lolote. Kwa gari lisilobadilishwa sana, njia hii ndiyo bora, ingawa wapenda mabadiliko huidharau.

Njia ya pili imeenea sana katika miaka ya karibuni, nayo ni kutumia koili za gari jipya zaidi. Zinazopendwa ni zile za Nissan GT-R ya R35, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa mwaka wa 2007, na zile za magari ya Audi, hasa R8. Koili hizi zimeundwa kwa teknolojia ya vizazi viwili mbele, zina nishati zaidi, zinapatikana kwa urahisi, na kila moja ina transista yake ndani. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo inayobadilisha kazi kutoka kuwa ya spana hadi kuwa ya umeme.

Katika mpango wa zamani, waya unaotoka kwenye kisanduku cha nyuma hadi kwenye koili hubeba mkondo wenyewe wa mzingo wa kwanza, ambao ni ampea kadhaa. Katika mpango mpya, waya huo hubeba amri ndogo tu ya kompyuta, na mkondo hukatwa ndani ya koili. Kwa hivyo kisanduku cha zamani hakina budi kuondolewa njiani, na amri ya kompyuta ipelekwe moja kwa moja hadi kwenye koili. Anayekiacha kisanduku mahali pake na kuunganisha koili mpya mbele yake huwa anaiambia transista ya pili maneno yasiyoeleweka. Matokeo yake ni injini isiyowaka kabisa, au koili zinazoungua katika dakika za mwanzo. Nyaya zilizotengenezwa tayari kwa kazi hii zipo sokoni, pamoja na bamba la kuzishikilia koili kwa kuwa umbo lake ni tofauti. Aliye na uwezo na azinunue. Kukata na kuunga nyaya za zamani ni kuhamishia uzee kwenye kifaa kipya. Aidha, inafaa koili zipate umeme wake kupitia rilei na waya mnene kutoka kwenye betri, zikiamriwa na swichi ya ufunguo, badala ya kutegemea waya mwembamba wa asili.

Linabaki suala la muda wa kuchaji, ambalo husahauliwa kuliko yote. Kompyuta ya asili ya R32 imewekewa muda unaofaa koili za mwaka wa 1989. Koili mpya ina mizingo tofauti na hujaa kwa muda tofauti. Ikichajiwa kwa muda mfupi mno, mmiliki hulipia koili yenye nguvu na kupata cheche ya wastani. Ikichajiwa kwa muda mrefu mno, huchemka na kufa mapema, naye akailaumu kampuni iliyoiunda. Kompyuta inayoweza kurekebishwa huhitaji jedwali linaloonyesha muda wa kuchaji kwa kila kiwango cha volti: volti zikishuka, muda hurefushwa, na zikipanda hufupishwa. Jedwali hilo lichukuliwe kutoka kwa takwimu za koili husika, wala lisiazimwe kutoka kwa gari la rafiki lenye koili za aina nyingine.

Tahadhari nyingine ni ya bidhaa bandia. Koili zenye majina makubwa huigwa kwa ustadi wa nje, na bei iliyo nusu ya bei ya kawaida inapaswa kumtia mnunuzi shaka. Zilizoigwa huweza kufanya kazi kwa majuma kadhaa kabla ya kuanza kukosa cheche kwenye joto, wakati ambapo hakuna anayezishuku kwa kuwa ni mpya.

Siku ya kuzifunga

Betri hufunguliwa kwanza. Visima vya plagi hupulizwa kwa hewa kabla ya plagi kulegezwa, maana chembe ya mchanga ikianguka ndani ya silinda haitoki kwa urahisi. Kisima kikiwa na oili, mpira wa kifuniko cha kemshafti hubadilishwa siku hiyohiyo. Koili mpya zilizowekwa juu ya oili inayovuja zitakuwa zimezeeka kabla ya mwaka kwisha. Grisi isiyopitisha umeme hupakwa kidogo ndani ya mdomo wa mpira wa koili ili uteleze na usiingize unyevu. Koili hubonyezwa hadi isikike imeishika plagi, na kila kiunganishi huvutwa kidogo kuthibitisha kwamba kibanio chake kimekamata.

Injini huachwa inguruma bila ya mzigo hadi ipate joto, kisha gari huendeshwa polepole, na baada ya hapo ndipo shinikizo la hewa hupandishwa kwa hatua, fundi akisikiliza na kukitazama kipimo cha oksijeni. Ikiwa petroli iliongezwa hapo awali ili kukiridhisha kipimo kilichohadaa, sasa itaonekana imezidi, na hesabu ya petroli italazimika kupigwa upya tangu mwanzo. Kazi hiyo huchukua muda mrefu kuliko kufunga koili zenyewe.

Kuhusu kifuniko cha mapambo, maoni yamegawanyika. Wapo wanaokirudisha kwa kuwa gari bila hicho huonekana kama limevuliwa kofia mbele ya wageni. Wengine hukiweka rafuni ili joto lipate pa kutokea, na hukirudisha tu siku ya maonyesho.